Kipenyo Kamili

Mkerezaji wa karakana yetu, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, hupima kila kitu kwa kipenyo, hata watu. Mteja muungwana ni "mtu wa kipenyo kamili." Bosi wetu, akishatoka, "amelika kidogo." Lakini kwenye chuma hana mzaha. Hupangusa vidole, hukiacha chuma kipoe, kisha hupima mara tatu akiwa amebana pumzi, kwa sababu chuma cha moto huvimba na kudanganya. Mimi huchomelea kwenye meza ya pili, na hadi juzi sikuwa nimewahi kumwona akiharakisha.

Jana aliharakisha. Shafti ya pampu ya maji ya hospitali ilikuwa imevunjika, dereva wao anangoja mlangoni injini ikinguruma, bosi kamsimamia kisogoni. "Mzee, fanya hima, wagonjwa hawana maji!" Mkerezaji akamaliza kukereza shafti mpya, akaipima ingali ya moto, mara moja tu, akaitikia kwa kichwa. Bosi alikuwa ameshaanza kuifunga kwenye gunia mkerezaji alipomnyang'anya. Akaipuliza kwa hewa ya kompresa hadi ikapoa. Akapima mara tatu. Ilikuwa imepungua kipimo kwa unene wa unywele mmoja.

"Nani atajua?" bosi akanong'ona.

"Pampu itajua."

Akachukua tindo, akaitia shafti jeraha refu ili asiwepo wa kuiuza, akafunga chuma kingine kwenye mashine. "Kosa ni langu," akamwambia dereva. "Nipe saa mbili, mwanangu."

Dereva akamtazama, akazima injini.