Nilivyofuta mlipuko wa nyota nikidhani ni umeme wa Mkonze

Mbukwenyi wakuu. Hapa sitii chumvi hata punje, maana mjinga wa kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Miaka ya tisini, biashara binafsi zimechangamka, nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni nikisoma fizikia.

Project yangu ilihusu nyota ya nutroni. Ni nyota iliyokufa, upana wake haufiki umbali wa Dodoma mjini hadi Chamwino, lakini ina uzito mkubwa kuliko jua.

Supervisor alinipa makaratasi ya vipimo vya eksirei kutoka satelaiti, nichore graph kwa mkono. Kazi yangu ya kwanza alishaikataa. Nikiharibu na hii, na-disco, yaani nafukuzwa chuo.

Likizo nikaenda kuchorea Mkonze kwa dada yangu Esta, aliyekuwa na mashine ya kusaga ya umeme.

Kila baada ya saa kadhaa mstari unaruka juu. Mimi nikajua tu, umeme huo! Kwetu taa zilikuwa zinacheza kila siku. Nikashika ufutio, nikaanza kufuta mruko mmoja baada ya mwingine. Graph ikaanza kunyooka, nikaridhika kabisa.

Jumapili, tumetoka kanisani, Esta akachungulia.

"We mdogo wangu, unafuta nini?"

"Umeme umeruka, dada."

Akaitazama sehemu ambayo bado sijaifuta.

"Umeme gani huu? Ukiruka, mashine yangu inashtuka na kutulia hapo hapo. Hiki kimepanda ghafla, halafu kinapoa taratibu kama chungu kilichoepuliwa. Na hiyo satelaiti imevutiwa waya na nani?"

Wakuu, niliona aibu!

Nikarudi kwenye notes. Nyota ile inavuta gesi ya nyota jirani, gesi inarundikana juu yake, ikibanwa sana inalipuka yote kwa mpigo kama bomu la nyuklia. Inapoa, inaanza kurundika upya.

Nilikuwa nafuta kitu kile kile nilichotumwa kukitafuta.

Nikachora upya mpaka vidole vikauma.

Supervisor aliposoma, akauliza nani kanifundisha kuangalia ule mteremko wa kupoa taratibu.

"Dada yangu, mwalimu."

"Anafundisha chuo gani?"

"Anasaga mahindi Mkonze."

Alicheka sana, akasaini. Nikamaliza chuo.

Funzo: mazoea yana taabu. Kile unachokiona kila siku ndicho kinachokufumba macho.

Ukurasa wa shukrani wa project ile una jina moja tu, la Esta.

Nanyi mlishafuta nini cha maana kwa mazoea? Mwageni hapa, kunicheka ruksa.