Atieno na Sentensi Aliyosema Atakuja Nayo Monday

Nimeandika "amefariki", nikafuta. Nimeandika tena. Atieno amefariki, yawa! Presha ilimwangusha jana kwao Oyugis akianika nguo. Hata hospitali hakufika.

Kwa wasiomjua: alikuwa rafiki yangu na workmate wangu hapa Homa Bay. Tunafundisha vijana kutumia kompyuta kwa kuandika amri. Yeye alikuwa anaandika upya maelezo ya alama za kutafutia faili, kama nyota, inayosimama mahali pa herufi zozote.

Alianza siku Brayo, mwenzetu wa kazi, alipoacha nafasi moja baada ya nyota. Brayo alitaka kufuta nakala za zamani tu, lakini nyota ikibaki peke yake inashika kila faili, folda nzima ikaenda. Kazi za wanafunzi zote!

Sisi tulimrukia Brayo. Atieno akaomba kwanza tusome manual inasema nyota inafanya nini. Tukasoma. Hakuna aliyeelewa, hata mimi. Atieno akasema, "Omera, hii iliandikwa na mtu mwenye anajua tayari."

Tangu hapo kila sentensi aliipeleka kwa Mama Rehema anayetuuzia chai. Mama akikunja uso, sentensi inafutwa. Alikuwa mkaidi huyo Atieno! Deadline zangu hakuzijali kabisa.

"Mama, ukiagiza samaki wote wadogo, mwenye kukaanga analetewa samaki, si maneno yako. Ile programu inayopokea unachoandika inasoma nyota kwanza, inaigeuza majina. Amri inapewa majina ya faili tu."

"Na samaki wakikosekana?"

Atieno akashika kichwa. Faili zikikosekana, programu hupeleka ile nyota yenyewe kama ilivyo, na hapo ndipo wanafunzi hupotea kila mara. Alihangaika na hiyo sentensi wiki nzima.

Ijumaa akanitumia voice note, anacheka: "Omosh, nimepata! Ya samaki wakikosekana. Usiandike kitu, nakuja nayo Monday."

Leo ni Monday. Darasa la Migori linangoja hiyo page. Nimeandika yangu, ni sahihi, nikamsomea Mama Rehema. Alitikisa kichwa, hajaelewa, kisha tukalia wote wawili.

Ulipata maneno gani, Atieno? Si ungeyasema tu palepale kwa simu? Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Page nimeituma Migori bila hiyo sentensi. Nimewaambia mwenye sentensi hakufika.

Lala, nyar Kasipul, binti wa Oyugis. Lala vizuri, rafiki yangu.