Mfuko wa Maganda Niliopeleka Ukweni kwa Dada

Mimi si msimuliaji, na hii habari nimekuwa nikiiandika polepole kwa sababu kila nikifika pale nilipokimbia na mfuko naona aibu upya, lakini kwa kuwa kijijini Sapiwi wanaijua wote, na hapa Dutwa imeshaanza kusikika ikiwa imetiwa chumvi (wapo wanaosema nilipanda mti, sikupanda mti wowote), ni bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa.

Nyuma ya nyumba yetu nina bustani ya mchicha, chainizi na nyanya kidogo. Udongo wake ni kichanga, ukiumwagilia asubuhi, mchana ni kama hukuugusa. Ndiyo maana nikajifunza kuulisha mabaki ya jikoni. Nakusanya maganda ya viazi, ya ndizi na ya mayai, pamoja na majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, nayaanika juani mpaka yakauke kabisa (ukiyafukia mabichi kuku wanayafukua yote), halafu nayatwanga, nachanganya na majivu na samadi iliyooza, nafukia kwenye matuta kabla ya kupanda. Mboga zinakubali sana.

Shida ilikuwa aibu. Kijana mzima kuzunguka na maganda ya watu. Mama lishe wa stendi, ambaye ndiye aliyekuwa ananipa mengi, nilimwambia ni ya mbuzi. Hatuna mbuzi. Akawa kila akiniona ananiuliza, "Mbuzi hawajambo?" nami najibu hawajambo, naondoka haraka asije akauliza wako wangapi.

Na kwa aibu hiyohiyo, yale makavu sikuyaacha uani wageni wakayaona. Niliyatia kwenye mfuko wa salfeti, nikaufunga kwa kamba ya katani, nikauficha stoo kando ya mfuko kama huohuo wa michembe ya mama, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Uamuzi mdogo tu huo, na wakati ule niliuona wa akili.

Basi dada yangu Kabula, aliyeolewa Sapiwi, akajifungua mtoto wa kiume. Kwetu huendi kumwona mtoto mikono mitupu, na mama alikuwa ameiweka ile michembe maalumu kwa siku hiyo, viazi alivyovichagua mwenyewe, akavikata na kuvianika mwenyewe. Lakini goti lilimzidi, ikabidi niende mimi. Dada akanipigia simu. "Masanja, huku wananipenda," alisema, "ila bado wanasema watu wa Dutwa mna mambo ya senta, ya madukani na stendi, adabu mmeiacha njiani. Njoo vizuri. Mimi ndiye ninayebaki nao."

Alfajiri niliingia stoo bila taa, nikachukua mfuko, nikaufunga nyuma ya baiskeli. Nataka mnielewe hapa. Michembe mikavu na maganda makavu uzito wake mkononi ni mmoja, na ukitikisa hata mlio ni mmoja.

Nilipokelewa vizuri kuliko nilivyostahili. "Mwadila, mayu," nikamwamkia mama mkwe wa dada kwa Kisukuma, kwetu kila mama ni mayu, akaitikia, akapokea mfuko kwa mikono miwili. Na mimi, ambaye siku zote maneno hunikwama, siku hiyo nikasema, "Mayu wa nyumbani amesema hii ameichagua kipande kwa kipande, mle mumkumbuke."

"Basi hatuiweki," alisema yule mama. "Tunaipika sasa hivi na karanga, nawe utakula."

Akageuka nao kuelekea jikoni, na hapo ndipo nikaona kwenye kona ya mfuko, penye katundu, kitu cheusi kimechomoza. Ncha ya ganda la ndizi.

Mtu mwingine angesema palepale, samahani mayu, nimekosea mfuko, wangecheka, yakaisha. Mimi nilikaa na wazee, nikanywa maji niliyopewa, nikasema ndiyo, mvua kwetu zimechelewa, na macho yangu yako mlango wa jikoni. Kwenda jikoni kwa wakwe mwanaume haendi. Dada alikuwa ndani na mtoto. Nikasikia wanawake wanatoka kuchota maji ya kupikia, nikawaomba wazee ruhusa ya kujisaidia, nikazunguka nyuma, nikaingia, nikaubeba mfuko. Nilipanga kuuficha nje ya wigo, nirudi nikae, halafu nione itakuwaje (huo ndio ulikuwa mpango wote).

Kasichana ka pale nyumbani kalikuwa kanaosha masufuria nyuma ya jiko. Kaliniangalia, kakaangalia mfuko, kakaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bibi, mgeni anaondoka na michembe."

Sijui kwa nini nilikimbia. Nilikimbilia penye uwazi kwenye wigo wa minyaa, uwazi ukawa mdogo kuliko nilivyoona, mfuko ukanasa, nikauvuta, ukapasuka kuanzia juu mpaka chini. Maganda yakamwagika njia nzima na juu ya viatu vyangu, majani ya chai yakapeperuka, na mbuzi wa pale, wale wa kweli, wakaja mbio. Nilipogeuka wote walikuwa wamesimama, wazee, wanawake na ndoo zao, na dada mlangoni na mtoto mkononi.

"Masanja," alisema dada, basi.  Uso wake ndio unaonirudia hata leo.

Mama mkwe wake aliinama akaokota ganda la kiazi, akaligeuza. "Kijana, umetuletea zawadi, umeiiba mwenyewe, na ndani yake nakuta maganda. Kwenu viazi vyenyewe mnampa nani?"

Mzee mmoja akageuka upande akikohoa, na hakuwa na kikohozi. Lakini dada hakucheka, na nikaelewa kwamba nikinyamaza, maneno yale atayasikia yeye kila siku mpaka mtoto aote ndevu. Basi nikasema. Nikiwa nimeangalia chini (na chini palikuwa na maganda tu) nikaeleza yote, kichanga, kuku, mama lishe, mbuzi wasiokuwepo, stoo bila taa. Nikasema dada hajui lolote, na mayu nyumbani hajui lolote, michembe aliichagua kweli.

Baba mkwe akaokota ganda la yai, akalivunja kwa vidole. "Na mchicha unakubali?"

"Unakubali, mzee."

"Hapa nyuma ya jiko haukubali."

"Basi asiondoke nayo," alisema mkewe. "Mpeni kinu kile kilichopasuka. Atwange."

Nikatwanga. Mwanaume, ukweni kwa dada yake, katikati ya uwanja, natwanga maganda, na wanawake wamekaa wananitania, "Inua mchi vizuri, bwana harusi." Nikachanganya samadi na majivu, nikachimba tuta, nikafukia. Nilipomaliza dada aliniletea maji ya kunawa, na nikaona anauma midomo asicheke. Hapo ndipo nilipopumua.

Nyumbani mama alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akasema, "Kesho unarudi na yenyewe."

"Mayu, siwezi."

"Utaweza. Dada yako yupo kule."

Nilirudi. Mama mkwe alinikuta nje, kabla sijaamkia akafungua mfuko palepale, akatoa kipande, akakitafuna akiniangalia. "Haya," alisema, "sasa umefika mgeni."

Mchicha wa nyuma ya jiko uliota vizuri, dada ndiye anayeuchuma, na hakuna tena anayemtajia adabu za Dutwa. Mimi nimeapa sifichi tena. Mfuko wangu wa maganda sasa unaning'inia uani, mdomo wazi, na kitambaa chekundu juu yake. Hata mama lishe nilimwambia ukweli. Alinijibu bila kuacha kugeuza chapati, "Nilikuwa najua. Mbuzi gani anakula majani ya chai?"

Na kila nikienda Sapiwi na chochote, nikifika tu nafungua mfuko mwenyewe. Yule mama anachukua kipande kimoja, anatafuna bila haraka, halafu ndiyo ananiitikia.