Chifu Alipowatafuta Askari wa Dada Yangu

Dada yangu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu hapa Eldoret wakati vidole vyake vilipoanza kuvimba. Kisha mashavu yakawa mekundu. Aliposhindwa kushika chaki, mwalimu mkuu alisema ni uvivu. Majirani, waliojua mambo ya kila nyumba isipokuwa yao, walisema ni krimu za kujichubua.

Daktari alimpima damu, akatuita kutueleza majibu.

"Kila siku uboho wa mifupa hutoa seli za kutengeneza kingamwili, yaani silaha za mwili," alisema. "Baadhi huzaliwa zikiuona mwili wenyewe kuwa adui. Kwa kawaida hizo huuawa mapema, au hurekebishwa, au hutulizwa zisifanye kazi. Zako zimeponyoka. Ni kama askari walioasi, sasa wanakupiga wewe."

Dada aliyapenda maelezo hayo, maana hayakumlaumu. Jioni akamsimulia jirani yetu, kijana wa chama aliyevaa beji ya Rais hata akienda kuchota maji. Huyo alisikia maneno mawili tu: askari na kuasi. Kesho yake tuliitwa kwa chifu.

"Mwalimu, nasikia unasema askari wameasi," chifu alianza. "Wako kambi gani?"

"Wako kwa damu, Chifu."

"Damu ya nani?"

"Yangu."

"Na nani anawaongoza?"

"Hakuna. Daktari anasema hiyo ndiyo shida."

Kijana wa chama, aliyesimama mlangoni, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeokoa nchi. Miaka ile ya chama kimoja watu walifungwa kwa mzaha mdogo kuliko huo. Dada akaweka vidole vyake mezani. Chifu alivitazama kwa muda.

"Mama yangu alikuwa hivi," akasema polepole. "Sisi tulisema amerogwa." Kisha akakumbuka cheo chake, akajikohoza. "Lakini usiwaite askari tena, Mwalimu. Sema ni vibarua wakorofi."

Vidonge vya daktari vilizituliza zile seli, na dada akarudi darasani. Dawa ikaufanya uso wake kuwa wa mviringo, kama wa mtu anayekula vizuri. Majirani wakaamua kwamba anatunzwa na mkubwa fulani serikalini.

Kijana wa chama alikuja mlangoni, beji kifuani, akamwomba dada amtaje kwa huyo mkubwa, labda atapata kazi.

"Nitamwambia," dada alimjibu, akafunga mlango, akacheka mpaka akakaa chini.