Nani Alimpaka Shemeji Hina?

Shemeji yangu alilala porini wiki nzima chini ya lori bovu, akarudi ndevu zimekolea hina hadi kwenye ngozi.

Soma tena polepole, halafu tuendelee.

Huyu ni mume wa mdogo wangu. Dereva wa lori, mdomo mrefu kuliko safari zake. Mvi zilimwahi kidevuni, na mvi anaziogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Kwa hiyo kila zikichungulia anazipaka hina, ndevu zinakuwa nyekundu kama kutu, mwenyewe anajiona kijana.

Mdogo wangu akashikwa na uchungu. Simu ya mume haipatikani. Akajifungua ameng'ang'ania mkono wangu, tena kwa shida, maana mtoto alitanguliza miguu.

Nikawachukua wote wawili kwangu.

Jamaa akatokea kitovu cha mtoto kimeshaanguka. Shati limechanika, viatu vumbi tupu, na mama yake nyuma, amekuja kumwombea msamaha.

Sebule ilikuwa imejaa majirani na mashangazi, maana mimi nyumba tupu siiwezi. Akaanza kusimulia. Gia imekufa, mtandao hakuna, kiu mpaka akanywa maji ya rejeta. Shangazi akafuta machozi. Mdogo wangu akaanza kukunja nguo za mtoto, arudi na mumewe siku ileile.

Mimi nilikuwa naangalia kidevu.

Nina saluni. Hina nasaga majani na kuikanda mwenyewe. Nywele ikiota, inatoka na rangi yake ya asili. Kwa muda wote huo porini, mashina ya zile ndevu yalitakiwa yawe meupe. Wapi! Zilikuwa zimepakwa jana au juzi, na mtu mwenye subira, hadi pembeni ya masikio.

"Shem," nikamwuliza, "hina ulipaka kabla ya kunywa rejeta au baada?"

Watu wakaguna. Akasema alikuwa na pakiti kwenye lori, akajipaka mwenyewe.

"Hebu tuone mikono."

Hina haina adabu. Ukimpaka mtu bila glavu na wewe umepakika, na sabuni haikusaidii. Viganja vyake vilikuwa visafi kabisa.

Sebule ikachangamka. Jirani akataka kujua huyo mwanamke anakaa mtaa gani. Mdogo wangu akaacha kukunja nguo.

"Sina mwanamke," shemeji akasema, sauti imezama tumboni.

"Sasa nani alikushika kidevu?"

Mama yake akatoa mikono ndani ya mtandio. Vidole rangi ya chungwa mpaka kwenye kucha.

"Alikuwa kwangu," akasema. "Anaogopa damu toka mdogo. Ningemfukuza?"

Jamani. Sisi tunatafuta hawara, kumbe mwanaume anayeendesha matani ya mizigo amejificha kwa mama, kalaza kichwa mapajani apakwe hina, mkewe anapasuka. Angekuwa na hawara ningemchukia. Huyu hata chuki niliona naipoteza bure. Vumbi lenyewe la viatu lilikuwa la uani kwa mama.

Mdogo wangu akambeba mtoto wake, akamgeukia mama mkwe kwa heshima zote.

"Mama, mimi nina mtoto mmoja tu wa kulea. Huyo wako, nenda naye."

Wakaondoka wameongozana.

Dada zangu mnaosoma hapa, mchumba akija acheni kuuliza tu kama ana mwingine. Ulizeni mambo yakiwa magumu huwa anakimbilia wapi.