Opena Mpya na Gauni la Mama Nyambura

Nilikuwa nimeapa kwamba nitazikwa na aibu hii, lakini kwa vile mke wangu Ciku huisimulia katika kila harusi tunayoalikwa, na kila akiisimulia anaongeza chumvi (juzi nimesikia eti nililia, na sikulia), heri niiseme mwenyewe ijulikane ilivyokuwa. Mimi ndiye yule mtu aliyemmwagia mama mkwe mananasi. Na hayo mananasi ndiyo sehemu yenye nafuu.

Nafanya kazi Thika, katika kiwanda cha kutia matunda mikebeni, na kazi yangu ni kusimamia mashine ya kufunga. Mkebe unakuja na mananasi yake ndani, mfuniko unashuka juu, ukingo wa mfuniko na ukingo wa mkebe vinakunjwa pamoja kama vidole vya watu walioshikana mikono, halafu mashine inaviminya mpaka hata hewa haipiti. Nimefunga mikebe mpaka naiota. Kufungua ndiko sikuwa na uzoefu nako, maana ukishinda na mananasi kutwa nzima huwezi tena kurudi nyumbani Makongeni jioni uyale.

Basi Ciku, tukiwa bado wachumba tu, akaniambia mama yake ananitaka kwao Mwihoko Jumapili baada ya kanisa, nikajulikane. Mama Nyambura ni mjane, ana duka la unga na mafuta pale pale nje ya ploti yake, na alikuwa amesema wazi kwamba habari za ruracio, yaani kupeleka mahari, hatazisikia mpaka amwone kijana mwenyewe na aridhike naye. Alikuwa na sababu. Nyambura, dada mkubwa wa Ciku, aliolewa na mwanamume mtanashati, mwenye maneno matamu, ambaye alikaa katika nyumba ile siku ya kwanza bila kukosea hata kidogo, kisha baadaye akamwacha Nyambura na watoto na hajaonekana tena. Kwa hivyo mimi nikajiambia, kwa akili yangu nzuri, kwamba nitafanya kama yeye: sitakosea hata kidogo.

Nikabeba mikebe kadhaa ya mananasi kutoka kazini, na nikipita supamaketi pale Thika nikaona opena, kifaa cha kufungulia mikebe. Si ile ya kutoboa tunayoijua sote. Hii ilikuwa na mikono miwili minene ya plastiki, kitasa cha kuzungusha, gurudumu la meno na kigurudumu kingine chembamba chenye makali. Nikainunua. Karatasi ya maelezo nikaitupa hapo hapo mlangoni, kwa sababu mtu wa mikebe atafundishwa nini kuhusu mkebe?

Mwihoko nikapokewa vizuri. Mama Nyambura alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge, limetoka kwa fundi wiki hiyo, na karibu naye amekaa shangazi yake Ciku, Tata Wairimu, mama mwenye macho ya askari wa geti. Tukala, tukaombewa, na mimi nilikuwa nimejibu maswali yote vizuri mpaka Tata akaniuliza, "Na huko Thika unafanyanga nini hasa? Ciku anasema tu ati uko kwa mashine."

Nikaona nafasi yangu hiyo. Badala ya kujibu kama binadamu wa kawaida, nikasimama, nikachukua mkebe mmoja nikauweka kwenye meza ndogo mbele ya Mama Nyambura, nikaanza kuwaeleza mambo ya kukunja na kuminya. Ciku akasema kwa sauti ya chini, "Njoro, wacha tu nilete kisu."

"Kisu ni cha watu hawajui mkebe," nikasema. (Haya maneno nilisema mimi, kwa mdomo wangu.)

Nikaishikilia opena, nikabana, nikazungusha. Ikazunguka laini kabisa, lakini mkebe haukutoa sauti wala tone la maji, na mfuniko ukabaki pale pale bila hata tundu. Nikazungusha tena. Nikazungusha mara ya tatu nikiwa natabasamu, na ya nne bila kutabasamu. Tata akauliza kama inatumia betri. Ndipo nilipokumbuka kwamba mkebe una ncha mbili na zote hufungwa sawa, kwa hivyo kama juu kumekataa, nitajaribu chini. Nikauinua mkebe kwa mbwembwe, nikaupindua.

Kile ambacho karatasi niliyoitupa ingeniambia ni kwamba opena ya aina hiyo haitoboi mfuniko juu. Inakata ule mkunjo kutoka ubavuni, ili usibaki na makali ya kukata watu vidole, na ikimaliza, mfuniko unakaa mahali pake kama haujaguswa. Ule mkebe ulikuwa wazi tangu nilipozungusha mara ya kwanza.

Vipande vyote vya mananasi na maji yake ya sukari vikatua mapajani mwa Mama Nyambura.

Hapo bado ningeweza kupona. Ningeomba msamaha, Ciku angeleta taulo, yangeisha. Lakini mikono yangu ilifikiri kabla ya kichwa: nikatoa kitambaa changu mfukoni, nikapiga magoti, nikaanza kumpangusa mama mkwe mapaja.

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Kwetu Wakikuyu, kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna thoni, ile heshima ya kuoneana haya, na ukiivunja unaiosha kwa mbuzi. Humkaribii ovyo, humtanii, hata kumsalimia kwa mkono unafikiria kwanza. Na mimi nilikuwa nimepangusa mara mbili kabla ya kuinua macho. Tata Wairimu alikuwa amefunika macho kwa mkono. Ciku alikuwa anaangalia sakafu, na nilipoona hivyo nikajua nimemkosa msichana ninayempenda kwa sababu ya opena.

Nikarudi nyuma kwa magoti, maana nilisahau kusimama. Mama Nyambura akaokota kipande kimoja cha nanasi kwenye gauni lake, akakiangalia, akakila. Kisha akamgeukia Tata.

"Yule wa kwanza alikalia hicho kiti," akasema polepole. "Hakumwaga hata chai. Na unajua vile alitufanyia."

Tata akaitikia kwa kichwa.

"Huyu hawezi kuficha kitu. Siku akikosea, tutaona sisi wote." Akatoa kipande kingine kwenye pindo. "Alete mbuzi ya kuosha hii thoni. Na akija na mbuzi, asikuje peke yake, akuje na wazee wake."

Mimi sikuelewa. Nilidhani ni faini tu. Ni Ciku aliyenishika bega akaninong'oneza, huku machozi ya kicheko yanamtoka, kwamba mtu haitiwi wazee wake kwa sababu ya gauni, wazee huitwa kwa habari za ruracio. Nilikuwa nimekubaliwa. (Na hapo ndipo labda macho yalinilowa kidogo, lakini hiyo si kulia.)

Opena hiyo sijawahi kuishika tena na sitaishika. Iko Mwihoko, imetundikwa kwenye msumari jikoni kwa Mama Nyambura, ambaye mikebe yake anafungua kwa kisu, na huwa ananikumbusha kisu ni cha watu gani. Tukienda kumtembelea, ananiwekea mkebe mmoja mezani mbele yangu, anavuta kiti chake nyuma kabisa mpaka ukutani, kisha anakaa akinisubiri.