Nyoka wa Kisenge Asiye na Rangi

Niliondoka Kolwezi kwenda Kisenge kumpiga picha nyoka. Wakati ule watu wenye asili ya Kasai, jimbo la jirani, walikuwa wanafukuzwa katika nyumba zao na kwenda kulala stesheni wakingoja treni, na mimi nilikuwa natafuta nyoka. Nimejaribu mara nyingi kuandika mwanzo mwingine unaonipendeza zaidi. Kila mara nimeusoma nikaufuta.

Aliyenituma ni Ngalula. Tulifanya kazi pamoja katika studio ndogo karibu na soko. Mimi nilipiga picha na kuzisafisha, kazi niliyojifunza peke yangu kwa kuharibu karatasi za watu. Yeye alizipaka rangi. Studio yetu iliweza nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo mteja akitaka rangi, nilimtazama na kuandika nyuma ya picha: kitenge chekundu, kilemba cha bluu, viatu vyeusi. Ngalula alichukua brashi yake nyembamba na kufuata maandishi yangu. Alinizidi umri, nikamwita yaya, kama dada mkubwa. Yeye aliniita muloko, mdogo wake.

Wazazi wake walitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa Kisenge, ambako baba yake alichimba madini ya manganizi. Kasai hakuwahi kuiona. Asubuhi moja alikuta mlango wake umechorwa alama kwa makaa. Alikuja kazini kama kawaida, akafungua kisanduku chake cha rangi, akakaa bila kushika brashi.

"Muloko, kule bataniuliza, weye unatoka wapi? Nitabaonesha nini? Nyumba haiko yangu tena."

Ndipo akanisimulia habari ya nyoka. Alimwona utotoni, kando ya kijito ambamo wanawake walilowekea mihogo: nyoka mnene, amelala juu ya majani makavu bila kujali mtu. Mgongoni alikuwa na waridi kama ya ndani ya mdomo wa mtoto mchanga, zambarau, na kahawia ya chai yenye maziwa, zimepangwa kama kitenge kipya. Miaka yote alijaribu kuzichanganya rangi zile, zikamshinda. Alitaka kupaka rangi picha ya nyoka kama yule kabla ya treni kuja, aende nayo.

"Ukimuona, usiangalie na mashine tu," aliniambia, akinipa kadi nyeupe. "Angalia na macho. Uniandikie marangi yote."

Nilikubali haraka mno. Mimi ni mtu wa hapa hapa Lualaba, na mlango wangu haukuchorwa kitu. Safari ile ilinipa sababu nzuri ya kutopita stesheni kila siku nikitazama chini.

Alfajiri nilipanda lori la mzee Ramazani, Tata Ramazani kwetu, mchuuzi wa chumvi ambaye wazee wake walitoka upande wa mashariki. Alinikalisha mbele kwa sababu nilikuwa nimekumbatia kamera kama mgonjwa.

"Unaenda kufanya nini Kisenge? Mugodi ilishakufa."

"Kupiga nyoka foto, tata."

Alicheka mpaka akapiga usukani kwa kiganja. "Ah, bwana! Batu bote banakimbiaka nyoka, ye anamufwata na anamulipia nauli!" Tulipokuwa tumeshaupita mji, akauliza kwa sauti nyingine, "Na bale ba pale stesheni, nani anabapiga foto?"

Niliikumbatia kamera zaidi. Nilikuwa na filamu moja, ya mwisho iliyobaki studio.

Baada ya Mutshatsha barabara ilikuwa mchanga. Tulisukuma lori, tukakata matawi na kuyaweka chini ya magurudumu, tukasukuma tena. Kila tuliposimama nilifuta lenzi, ingawa ilikuwa ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya shati. Kasaji tulilala juu ya magunia. Tata Ramazani aliswali, akala, akakoroma. Mimi nilikuwa nafikiria mwanga.

Tulifika Kisenge mvua ikiwa imetoka kunyesha. Mabehewa yalikuwa yamesimama relini, majani yameota sakafuni mwake, na kando yake rundo la mawe meusi lilikuwa linang'aa. Nilipokelewa na Tata Muteba, binamu ya mama yangu, na mkewe Mama Mwadi. Nilipoeleza nilichokuja kufanya, Mama Mwadi hakushangaa.

"Nyoka? Iko palepale tunalowekaka mihogo. Hatufike tena pale. Tunangojea banaume bapate roho ya kumuua."

"Nilisikia," alisema Tata Muteba.

"Ulisikia tangu juzi."

Niliwaomba wangoje kidogo, nipige picha kwanza. Walikubali kwa heshima ya mama yangu.

Kijito kilipita chini ya miti mizito. Tata Muteba alinyoosha kidole, na kwa muda mrefu sikuona ila majani. Kisha nikaona kichwa, kipana kama jembe dogo, na mwili wote ukajitokeza mara moja. Nilishtuka. Na badala ya kuendelea kumtazama, niliinua kamera.

Siku ile mwanga haukutosha. Jua liliingia pale adhuhuri tu, kwa muda mfupi, na wingu likalifunika. Siku iliyofuata jani lilikuwa limeangukia jicho lake, na hakuna aliyekubali kuliondoa. Nilipiga, nikajuta, nikapiga tena. Nilirudi nyumbani nikiomba siku moja zaidi.

"Mutoto, ile nyoka unataka kuioa?" aliuliza Mama Mwadi. "Mihogo yetu iko nangoja, weye uko nachumbia!"

Siku ya tatu jua lilimwangukia sawasawa. Jani halikuwepo. Kila gamba lilionekana. Nilitumia filamu yote iliyobaki kwa mkao uleule, kwa hofu tu kwamba moja ingetikisika. Kisha nikaondoka pale, nikakaa mbali kuifunga filamu isiingie unyevu. Wanaume wakateremka na miti mirefu.

Baada ya kelele nilisikia Mama Mwadi akiita kutoka kijitoni. "Fotografe! Tulimuua, tulimutosha inje, kwa jua! Kuya uone marangi!"

"Nilishamuona, mama," nilijibu.

Nilikuwa nazungusha plastiki juu ya kikopo cha filamu, tabaka baada ya tabaka. Kadi ya Ngalula ilikuwa chini ya mfuko.

Safari ya kurudi niliishi kwa furaha ya mtu ambaye hajakosea. Kolwezi nilikwenda moja kwa moja studio, nikasafisha filamu, nikachapisha picha moja. Ilikuwa kali kuliko zote nilizowahi kupiga. Ilikuwa pia majani ya kijivu, na katikati yake nyoka wa kijivu, ambaye mtu asingemwona mpaka umwoneshe.

Stesheni nilimkuta Ngalula kati ya masufuria na magodoro, mwanawe mdogo amelala mapajani mwake. Alifuta mikono kabla ya kuishika picha. Aliitazama sana.

"Njo yeye," alisema, akimtambua. "Njo yeye kabisa. Leta kadi."

Nilimpa. Aliigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili; kote ilikuwa nyeupe.

"Basi niambie kwa mudomo. Hapa chini ya jicho, ni rangi gani?"

Nilifungua mdomo. Nilijua kasi ya kamera. Nilijua jua lilikuwa wapi. Nilisema kahawia, kisha nikasema labda waridi.

"Ulienda mupaka kule," alisema polepole, "na haukumuona."

Nikaona kwenye picha nukta nyeupe ya vumbi juu ya kichwa cha nyoka. Hata wakati ule niliiona! Nikanyoosha mkono nichukue picha, nikachapishe nyingine safi. Akaibana kifuani.

"Acha. Hii yangu. Nitapaka marangi ya butoto wangu."

Treni iliondoka siku iliyofuata, watu wamejaa mpaka juu ya mabehewa ya mizigo. Sijui kama aliipaka. Filamu ninayo bado. Nikimchapisha nyoka, anatoka kijivu, na hakuna wa kuniuliza rangi.

Picha ya Ngalula sina. Filamu iliisha Kisenge, kwa hiyo siku ya treni nilisimama kwenye jukwaa la stesheni mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza nilimtazama mtu bila kumpima. Naziandika hapa rangi zake kama nilivyokuwa namwandikia yeye nyuma ya picha za wengine. Kilemba: njano iliyopauka, ukingo wa kijani. Blauzi: nyeupe, doa la chai mkono wa kushoto. Kitenge: bluu, ndege wekundu. Kisanduku cha rangi, amekifunga kiunoni kwa kamba nyeusi. Macho: mekundu pembeni, na hayakuniangalia.